Karamu ya Jangwani: Mgeni Aonyeshwa Nini?

Ndugu msomaji, nyumba za pwani yetu zisizokuwa na jamaa au rafiki aliyepata kufika Dubai ni chache. Na wengi waliofika huko, baada ya kumaliza shughuli zao, wamewahi kuchukuliwa alasiri kwa gari hadi jangwani. Hurushwarushwa juu ya matuta ya mchanga, na jua likichwa hutiwa katika kambi yenye mazulia na mito, wakala chakula cha usiku huku wakitazama ngoma. Usiku huo huuzwa kwa jina la mila za Kiarabu. Nataka tuupime kwa haki, tukitaja jema lake kabla ya baya lake.

Jema lake ni hili: mgeni hupokewa kwa kahawa ya dele na tende, hukalishwa chini kama wenyeji walivyokaa zamani, na hukirimiwa nyama ya kuchoma mpaka akashiba. Hiyo ni ada ya kweli, na kumkirimu mgeni ni katika mafunzo ya dini yetu. Lau usiku ungeishia hapo, mgeni angerudi kwao na kitu cha maana.

Lakini hauishii hapo. Muziki hupazwa, akatoka mwanamke nusu uchi akakata kiuno mbele ya wanaume wanaokula pamoja na wake zao na watoto. Ubaya wa jambo hili hauhitaji maneno mengi. La kushangaza ni kwamba hata hiyo mila iliyotajwa haimo. Mchezo huo wa majukwaani ulikulia katika kumbi za starehe za Cairo. Watu wa Ghuba wana ngoma zao. Wana ayyala, ambayo wanaume husimama safu mbili zikielekeana, fimbo mikononi, wakiitikia mashairi kwa mdundo wa ngoma. Umoja wa Falme za Kiarabu na Oman ziliiandikisha UNESCO mwaka 2014. Wana na liwa, ngoma ya zumari iliyovuka bahari kutoka pwani hii yetu, na hata leo nyimbo zake zina maneno ya Kiswahili. Kwa nini mgeni asionyeshwe hizo? Ayyala yataka watu wengi. Mchezaji mmoja na muziki wa mashine ni rahisi zaidi. Hivyo mgeni aliyelipa aone Uarabuni huonyeshwa kilicho chepesi kupatikana.

Baada ya huyo hutoka mwanamume mwenye sketi pana za rangi nyingi, akazunguka kama pia. Huitwa tannura. Huvua sketi moja akaizungusha juu ya kichwa, na mara nyingi sketi hizo hutiwa taa za umeme, zikawaka kijani na nyekundu gizani. Watu hupiga makofi na kuendelea kutafuna. Ustadi wake hatuukatai, maana kuzunguka muda wote huo bila kuanguka si kazi ndogo. Lakini tuulize mzunguko huu ulitoka wapi.

Ulitoka kwa Wamaulawi, wafuasi wa Maulana Jalaluddin Rumi, aliyefariki Konya mwaka 1273. Kwao kofia ndefu ya sufu ni alama ya jiwe la kaburi, sketi nyeupe ni sanda, na joho jeusi wanalolivua kabla ya kuzunguka ni kaburi lenyewe. Mkono wa kulia huelekea juu, wa kushoto chini. Huanza kwa kumsifu Mtume (s.a.w.) na kumaliza kwa Kurani na dua. Mwaka 1925 serikali ya Uturuki ilizifunga zawiya kwa sheria, na mzunguko huo uliporudi Konya katika miaka ya 1950, ulirudi kama maonyesho. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya sema hiyo, wala si shabaha yangu leo kuhukumu baina yao. Lakini aliyeipinga na aliyeikubali wote walijua kuwa ilikusudiwa kumkumbusha mtu mauti na Mola wake. Leo sanda imetiwa taa, na mtazamaji hakumbushwi lolote ila kuongeza mshikaki.

Wala usiseme kuwa sheikh huyu anachukia kila mchezo. Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini Madina, na Mtume (s.a.w.) hakuwakataza, bali alimsitiri Bi Aisha naye akatazama. Mchezo una mahali pake. Tunalolikataa ni ibada kugeuzwa mchezo, na mchezo kuvuliwa nguo.

Na hapa ndipo jambo linapoingia nyumbani kwetu. Unguja tuna Maulidi ya Homu, yenye asili ya tarika ya Rifai: vijana wa kanzu na kofia hupiga magoti kwa safu, wakayumba pamoja kwa matari na kumsifu Mtume. Siku hizi huonekana hata katika majukwaa ya matamasha. Mwenye hoteli akija kuwataka vijana hao wasome wakati wageni wanakula na kunywa ulevi, tutamjibu nini? Najua vijana wanahitaji riziki, na kuwakemea bila kuwafikiria si insafu. Basi na tuwape njia. Ngoma za furaha, zikichezwa kwa sitara na bila kula wakati wa sala, zaweza kuonyeshwa kwa malipo. Maulidi yabaki mahali pake, na mgeni mwenye adabu anayetaka kuyaona aalikwe huko: avue viatu, ajisitiri, aketi mkekani, apewe kahawa na haluwa, aelezwe maana ya anachokisikia. Mgeni wa namna hiyo ataondoka na heshima kwetu na kwa dini yetu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wazazi, wafundisheni watoto wenu maana ya wanachokisoma kabla hajaja mtu kuwauliza bei yake. Wabillahi taufiki.