Lori la Waya

Juzi, nikipanda kutoka sokoni Kadutu, Bukavu, nilisimama bila kukusudia. Kijana mmoja alikuwa amechuchumaa kando ya njia, koleo mkononi, akipinda waya. Mbele yake palikuwa na lori ambalo halijapata bodi: chesisi, kabini na ekseli mbili tu. Aliitazama Fuso iliyoegeshwa ng'ambo, akarudi kwenye waya wake, akapinda kidogo, akatazama tena. Watu walimpita kama wanavyolipita jiwe. Mimi nilibaki pale mpaka jua likajificha nyuma ya milima ya Kabare.

Sisi tuliokulia Bukavu miaka ya 1980 tulipata magari kwa kuyaunda. Kazi ilianza kwa kutafuta. Waya tuliuchomoa kwenye nyua zilizolala chini, mikebe ya tomati na sardini tuliiokota nyuma ya nyumba za majirani, na kambambili iliyokatika ukanda ilikuwa mali: soli moja ilitoa magurudumu sita. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ndiye aliyekuwa fundi. Aliweka mkebe mdogo wa tomati juu ya soli, akauzungushia ncha ya msumari, kisha akafuata alama ile kwa wembe, polepole, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Gurudumu likitoka na nundu, alilisugua kwenye saruji ya ngazi mpaka nundu ikaisha. Nikimharakisha, alinijibu bila kuinua macho: “Mdogo wangu, gari likiyumba hapa uani, mlimani litaua watu.”

Usukani ndio uliomtenga fundi na mchezaji. Tete refu liliinuka kutoka ekseli ya mbele hadi kifuani mwa dereva, na juu yake kulikuwa na duara la waya. Ulitembea nyuma ya lori lako, ukazungusha duara, na magurudumu ya mbele yakatii. Yote yalitegemea kitundu kimoja cha waya kwenye chesisi. Kikibana, gari halikati kona. Kikilegea, linatangatanga kama mlevi. Yaya aliweza kukaa jioni nzima na kitundu hicho, akikifungua na kukifunga, mama akituita chakula mara tatu. Kesho yake tuliteremka nalo barabarani. Bukavu ni mji wa miteremko, na mteremko haudanganyiki.

Huwezi kuunda lori usilolitazama. Malori yaliyopanda mlima wa Ngomo kutoka Uvira yalipoingia mjini, tulihesabu matairi, tukakariri mahali pa akiba, tukajua ngazi ya utingo imekaa upande gani. Kwa hiyo tuliufahamu mji wetu. Na vita vilipoingia mjini mwaka 1996, niliwaona watoto wa mtaa wetu wakipinda waya ule ule kuwa bunduki. Mkono huunda kile ambacho jicho limeonyeshwa.

Ulaya nako wapo wazee wanaoukumbuka utoto wao hivyo hivyo: sanduku la vipande vya plastiki, gundi na karatasi ya maelekezo, ndege ikikauka dirishani. Kampuni ya Uingereza, Airfix, ilianza njia hiyo na trekta dogo la Ferguson mwaka 1949. Nawaelewa wazee hao, maana subira ni ile ile. Ila vipande vyao vilikuja vimeshapimwa. Sisi kipimo kilikuwa jicho. Na jicho la Mkongomani limefika mbali: msanii Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2015, aliunda miji mizima kwa karatasi na kadibodi huko Kinshasa, na mwaka 2018 jumba la Museum of Modern Art la New York likaifanyia miji hiyo maonyesho makubwa.

Leo magari ya plastiki yanapitishwa mlango kwa mlango. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto analishika asubuhi, jioni gurudumu limechomoka, na hakuna nyumbani anayejua kulirudisha, kwa kuwa hakuna aliyeliona likiwekwa. Linatupwa mtaroni. Mvua ya Bukavu inalibeba hadi ziwani, maji yanalisukuma kuelekea mto Ruzizi, na huko kwenye bwawa la Ruzizi I taka kama hizo hukwamisha mitambo ya umeme, mji ukaingia gizani. Zamani taka ya mji iliingia mikononi mwa watoto ikatoka lori. Siku hizi kitu cha kuchezea kinatoka mikononi mwa watoto kikiwa taka, nasi wazazi tunatazama.

Nilimuuliza yule kijana kama lori lake ni la kuuza. Akanijibu: “Hapana, muzee, ni ya mdogo wangu.” Akainamia tena kitundu cha usukani, akakilegeza kidogo, akajaribu, akakifunga tena.

Mzazi mwenzangu, kambambili ikikatika nyumbani kwako wiki hii, usiitupe. Mpe mtoto, umpe na koleo, kisha ukae naye mpaka gurudumu la kwanza liwe duara.