Kusinyaa au Kurudi? Maoni juu ya Tafsiri ya Mwongozo wa Ufungashaji

Tumeletewa tafsiri ya mwongozo wa kiwanda kimoja, unaoeleza namna ya kutunza na kuchapa ule utando wa plastiki ambao, ukipitishwa penye joto, huzibana chupa zikawa furushi moja. Mfasiri anastahili sifa kwa kuliacha neno "filamu", ambalo kwa wasomaji wengi ni la sinema na kamera, akachagua "utando". Hata hivyo, istilahi zake tatu zina kasoro zinazoweza kuharibu kazi.

Kwanza, ameuita "utando unaosinyaa". Jani husinyaa likikosa maji. Kilichosinyaa kimepoteza uzima wake. Utando huu haupotezi kitu. Unapotengenezwa huvutwa ungali na joto, kisha hupozwa ukiwa umekazwa. Ukipashwa joto tena, huelekea kwenye kipimo chake cha awali. Mafundi cherehani wanalo neno la jambo hili: kitambaa kikifuliwa kikapungua, husema kimerudi. Basi twapendekeza "utando wa kurudi kwa joto". Maneno "kwa joto" si pambo. Bila hayo msomaji angedhani ni plastiki ya kurudishwa kiwandani kama chupa tupu. Tena yanautenga na "utando wa kuvutika", unaozungushwa kwenye shehena na kubana kwa mvuto wake wenyewe pasipo moto. Mwongozo umeziita tando zote mbili kwa jina moja. Mtunza ghala atajuaje ni majora yapi hasa ya kuepushwa na joto?

Pili, ametumia "picha iliyoharibika". Kwa kuwa utando hupungua baada ya kuchapwa, mchoraji huipanua picha kwa makusudi ili ikae sawa kwenye chupa. Kuiita iliyoharibika ni kumwagiza fundi atupe kazi njema. Yafaa iitwe "picha ya kufidia".

Tatu, ameandika "kusafisha uso". Uso wa polithini haushiki wino vema mpaka upitishwe kwenye cheche za umeme. Hapo hakuna uchafu unaoondolewa, ilhali mfanyakazi mtiifu atatafuta sabuni na kitambaa. Tuseme "kuandaa uso kwa umeme".

Watumishi wa serikali nao wasidhani kwamba haya ni ya viwandani tu. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, iliacha vifungashio vya bidhaa za viwandani. Pasipo istilahi zilizopambanuliwa, mkaguzi na mwenye mali watabishana juu ya neno badala ya kitu.

Kosa la mfasiri si uvivu wa kamusi. Alitafuta neno kabla ya kukiona kitu kikifanya kazi. Sisi tutungao istilahi tumelifanya kosa hilo mara nyingi, na hatuna budi kwanza kwenda kusimama kando ya mtambo, tukawasikiliza wanaouendesha.