Sauti ya Mke katika Mji wa Ngome

Mume na mke wanaokwenda Matsue kupumzika, magharibi mwa Japani, baina ya Ziwa Shinji na bahari, aghalabu huzunguka ngome kwa mashua. Ngome hiyo ilikamilika mwaka 1611. Katika handaki la maji linaloizingira, mashua hupita chini ya madaraja mafupi. Paa lake huteremshwa, na abiria wote huinama. Ukingoni mwa handaki ipo nyumba ya kisamurai aliyoipanga Lafcadio Hearn mwaka 1891 pamoja na mkewe, Koizumi Setsu. Wageni huketi humo wakaitazama bustani kwa macho ya Hearn.

Macho hayo ni mazuri. Hearn, mzaliwa wa kisiwa cha Lefkada huko Ugiriki, alifika Matsue mwaka 1890 kufundisha Kiingereza, na bustani hiyo aliitengea sura nzima katika *Glimpses of Unfamiliar Japan* (1894). Nathari yake humo haina pupa: jiwe, chura, mdudu na ndege, kila kimoja hupewa zamu yake. Ni maandishi yanayomfunza msomaji kutulia.

Ila masikio yake yalikuwa ya kuazima. Hearn hakuweza kusoma maandiko ya Kijapani barabara, na nyumbani wawili hao walizungumza Kijapani kilichovunjikavunjika, chao wenyewe. Hadithi za kale alizipata, kwa sehemu kubwa, kinywani mwa Setsu, binti wa ukoo wa kisamurai uliofilisika. Katika kumbukumbu alizozitoa baada ya kufiwa na mumewe, Setsu anaeleza namna taa ilivyopunguzwa mwanga, naye akasimulia kwa sauti ya chini. Hearn hakutaka amsomee kitabu. Alitaka maneno yake Setsu mwenyewe, na fikra zake. Mke alisoma visa vya kutisha hata vikamfuata usingizini.

Sasa ifunguliwe dibaji ya *Kwaidan* (1904). Hearn anavishukuru vitabu vya kale, na anamtaja mkulima mmoja aliyempa kisa. Msimulizi wa nyumbani hatajwi. Kasoro hii si ya adabu tu, ni ya sanaa pia, kwani uzuri wa *Kwaidan* umo katika mapigo ya usimulizi: sentensi fupi, kimya kilichowekwa mahali pake, neno linalorudiwa kabla ya hofu kuingia. Hayo hayatoki katika karatasi. Ni kazi ya mtu anayemsikiliza msikilizaji wake akivuta pumzi.

Hearn hapungukiwi kwa kusemwa hivi. Kalamu ilikuwa yake, na bila ya kalamu hiyo visa vingi visingevuka bahari. Lakini watu wa pwani, waliolelewa kwa hadithi za bibi zao, wanajua kwamba mwandishi na mtambaji ni watu wawili. Basi wendao Matsue na wachukue vitabu viwili: kimoja cha mume, na kingine cha mke. Cha mke ni chembamba, na ndicho cha kuanza nacho.