Pikapu "inayonusa" mafuta: uhakiki wa video moja iliyomgharimu mjomba wangu

Kama una gari, au una ndugu mwenye gari, hii video umeshatumiwa. Ni ya dakika saba hivi. Jamaa amesimama pembeni ya pikapu ya dizeli iliyonyanyuliwa juu, anafungua boneti, anaonyesha kichupa cha plastiki chenye maji na nyaya mbili, halafu anasema: "Zamani ilikuwa inakunywa, sasa inanusa tu." Kutoka kilomita 7 kwa lita hadi kilomita 11. Namba ya simu ipo chini.

Kwa kawaida hapa tunahakiki vitabu na vipindi vya sayansi. Leo nahakiki hii video kwa uzito uleule, kwa sababu imetazamwa na watu wengi kuliko kitabu chochote tulichowahi kukiandikia. Na kuna sababu nyingine, ambayo nitakuja kuisema. Jamaa mwenyewe simtaji. Shida yangu si yeye, ni kipimo chake.

Kwanza nimpe haki yake

Video si mbaya yote. Picha ziko wazi, lugha inaeleweka, hajifichi nyuma ya maneno makubwa. Kikubwa zaidi ni kwamba amepima. Alijaza tangi Dar es Salaam, akaenda Iringa, akajaza tena, akaandika. Akafunga kifaa, akajaza tangi Iringa, akarudi Dar, akaandika. Wangapi kati yetu tunalalamika gari linakula mafuta na hatujawahi hata siku moja kuandika lita na kilomita kwenye daftari?

Tena, hizo namba zake mimi naziamini. Sidhani kama ametunga. Naamini kweli safari ya pili ilitumia mafuta machache sana kuliko ya kwanza. Ninachokataa ni sababu aliyoitoa.

Itazame tena, taratibu

Rudi kwenye video, safari hii usimsikilize anachosema. Angalia gari tu.

Dakika ya kwanza, kabla ya kifaa: juu kuna keria, na juu ya keria kuna hema, madumu na tairi la akiba. Chini kuna matairi makubwa ya matope. Dakika ya tano, baada ya kifaa: keria haipo. Matairi ni ya kawaida, ya barabarani. Mlango wa nyuma wa bodi ameushusha, anasema "upepo upite". Ameongeza upepo kwenye matairi. Halafu anasema kama utani kwamba siku hizi hakimbizi, anatembea 80, zamani alikuwa anagonga 100.

Kwa hiyo amebadilisha vitu sita kwa mpigo, na sifa zote zimekwenda kwa kichupa cha maji. Ni kama mgonjwa amekunywa dawa ya hospitali, amelala, amekula vizuri, kapona, halafu shukrani zote akampelekea jirani aliyemletea hirizi.

Hebu tugawe sifa upya

Tufanye hesabu ya kidato cha nne. Gari linapotembea tambarare kwa mwendo usiobadilika, injini inapambana na vitu viwili vikubwa: upepo unaolikabili, na matairi yanayobonyea kila yanapozunguka. Nitatumia makadirio ya kawaida kwa pikapu za aina hii. Ukiyabadilisha kidogo, picha haigeuki.

Kabla, yaani likiwa na keria iliyojaa, matairi ya matope na uzito wa kilo 2,300, likiwa kwenye 80: upepo unasukuma kwa nguvu ya kama nyutoni 490, matairi yanavuta kwa kama 400. Jumla ni karibu 890. Baada, likiwa halina keria, na matairi ya kawaida, na uzito umepungua kilo 150: upepo kama 395, matairi kama 255. Jumla 650.

Lita moja ya dizeli ina nishati ya megajuli 36 hivi. Injini inageuza kama asilimia 30 tu kuwa kazi, nyingine inatoka kama joto. Ukipiga hesabu, hizo nyutoni 240 zilizopungua ni zaidi ya lita 2 kwa kila kilomita 100. Safari ya kilomita 500 ni lita 11.

Sasa mwendo. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo, inaongezeka kwa mraba wake. Kutoka 80 kwenda 100 mwendo umeongezeka kwa robo, lakini upepo umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Hata kama alikimbia 100 kwa nusu tu ya safari ya kwanza, kushuka hadi 80 kumempa lita nyingine 6.

Halafu kuna kitu ambacho dereva yeyote wa barabara ile angepaswa kukiona bila kalkuleta. Kitonga! Iringa iko juu ya Dar kwa kama mita 1,500. Safari yake ya kwanza ilikuwa ya kupanda, ya pili ya kushuka. Kuinua kilo 2,300 mita 1,500 kunataka kama lita 3 za dizeli, na ukishuka unarudishiwa sehemu yake kwa sababu mlima unakusukuma. Nyingine inaishia kwenye breki pale konani. Tuseme tofauti ya kwenda na kurudi ni lita 5.

Jumlisha: 11 na 6 na 5 ni 22.

Na yeye aliokoa ngapi? Kwa namba zake mwenyewe, ukishasahihisha kosa la kihesabu kilomita nitakalolieleza hapa chini, ni kama lita 21. Hesabu imeshajaa kabla hatujakifikia kichupa. Sisemi makadirio yangu ni sahihi hadi lita ya mwisho. Nasema ukitoa vitu vinavyojulikana, hakuna pengo lililobaki la kujazwa na muujiza.

Mtego wa matairi

Kuna jambo jingine dogo, nalo nimelipenda kwa sababu linawanasa hata mafundi wazuri. Kile kihesabu kilomita kwenye dashibodi hakioni barabara. Kinahesabu mizunguko ya tairi, kikiamini tairi ni lile la kiwandani.

Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776. Ukifunga la 285/70R17, kipenyo ni milimita 831, zaidi kwa asilimia 7. Dashibodi ikisema kilomita 100, wewe umeshatembea 107. Kwa hiyo ile "kilomita 7 kwa lita" ya kwanza, kwa kweli ilikuwa 7 na nusu. Gari lilisingiziwa! Alipofunga matairi ya kawaida dashibodi ikaanza kusema kweli, naye akadhani gari limepona.

Na mshale wa mwendo ni hivyohivyo. Ukiwa na matairi makubwa unaona 100, kumbe uko 107, na upepo unakudai asilimia 14 zaidi ya unavyodhani.

Kichupa chenyewe

Kifaa kinachukua umeme wa gari, kinapasua maji kuwa hidrojeni na oksijeni, gesi inaingia kwenye injini, inaungua. Hidrojeni inaungua kweli, hilo halina ubishi. Swali ni nani kalipa bili ya kuyapasua maji.

Umeme unatoka kwenye altaneta, altaneta inazungushwa na injini, injini inalishwa dizeli. Chukua nishati 100 kutoka kwenye mzunguko wa injini. Altaneta inakupa umeme kama 60. Kupasua maji kunakubakishia gesi yenye nishati kama 40. Injini ikiichoma, inageuza kama 12 kuwa kazi. Umetoa 100, umepata 12. Ni kama kukopa elfu kumi ili ujilipe mshahara wa elfu moja na mia mbili.

Muuzaji atakwambia gesi inafanya dizeli "iungue yote". Lakini injini ya dizeli iliyo nzima inachoma karibu mafuta yote yanayoingia. Hasara kubwa ni joto linalotoka kwenye ekzosi na rejeta, na kichupa hakigusi hilo. Huko Marekani shirika la mazingira, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vya kuokoa mafuta kwa miaka mingi, sumaku za kwenye mpira wa mafuta zikiwemo, na hakuna hata kimoja kilicholeta nafuu kubwa.

Kuhusu mlango wa nyuma

Hili la kushusha mlango wa bodi linastahili aya yake, kwa sababu ni imani ya wenye pikapu dunia nzima. Wale jamaa wa kipindi cha Marekani cha MythBusters walilijaribu, na matokeo yakawa kinyume: mlango ukiwa umefungwa ndiyo nafuu. Ukiufunga, hewa inazunguka ndani ya bodi kama gurudumu lililolala, na upepo wa juu unateleza juu yake badala ya kuugonga mlango. Ukiushusha, hilo gurudumu la hewa linavunjika. Baadaye walirudia wakiongeza namna nyingine za kufunga nyuma, ukiwemo wavu.

Kile nacho ni kipindi cha burudani, kina mapungufu yake. Gari mbili za aina moja si gari moja, na madereva wawili si dereva mmoja. Lakini kina kitu ambacho hii video haina: walibadilisha kitu kimoja, wakaacha vingine kama vilivyo. Wenye malori Marekani wanakwenda mbali zaidi. Wana utaratibu unaoitwa SAE J1321, ambapo gari linalopimwa linasafiri pamoja na gari jingine lisiloguswa kabisa, mafuta yanapimwa kwenye mizani, na safari inarudiwa. Upepo ukibadilika siku hiyo, unayakuta yote mawili.

Sasa sababu yangu

Mjomba wangu anachukua nyanya Ilula anapeleka Dar. Pikapu yake aliinunua kwa mtu ikiwa imeshanyanyuliwa, ina keria, ina matairi ya matope. Hii video nilimtumia mimi. Niliiangalia nusu nikiwa kwenye daladala, nikacheka, nikaisambaza, basi.

Mjomba hakucheka. Alimpigia yule jamaa, akatuma laki tatu na nusu, hela aliyokuwa ameiweka ya betri na tairi moja. Alifunga kifaa, keria akaiacha palepale, matairi akayaacha. Miezi miwili baadaye akanipigia: mafuta ni yaleyale. Nikamuuliza, mjomba, kwa nini hukuniuliza kwanza? Akanijibu kwa upole kabisa: "Mpwa wangu, wewe si ndiye unayesoma uhandisi? Ukinitumia kitu najua umekipima."

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana uhakiki huu unanihusu na mimi. Video ilidanganya kuhusu sababu, lakini kwa mjomba muhuri uliokuwa juu yake ulikuwa jina langu.

Na angalia hasara ilipokaa hasa. Ushauri mzuri ulikuwemo ndani ya ile video. Toa keria, badilisha matairi, jaza upepo, punguza mwendo: vyote vilionekana kwenye picha. Lakini havikuwa na bei, kwa hiyo havikutajwa. Mjomba alinunua kitu pekee ambacho hakikufanya kazi, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa kinauzwa.

Hukumu, na kazi ya nyumbani

Kama ushahidi, video haifai. Kama picha za nini cha kutoa kwenye gari lako, iangalie bila sauti.

Ukitaka kupima mwenyewe, fanya hivi. Badilisha kitu kimoja tu. Pima kwenda na kurudi, njia ileile, ili mlima ujilipe wenyewe. Jaza kwenye sheli ileile, pampu ileile, na mkono wa pampu ukikata usiongeze. Kukosea lita 2 kwenye 40 ni asilimia 5, inatosha kuzaa muujiza wa uongo. Umbali usome kwenye simu au kwenye vibao vya barabarani kama matairi si ya kiwandani. Rudia mara tatu. Halafu rudisha kile kitu kama kilivyokuwa, upime tena. Kama nafuu haikuondoka ulipokiondoa kifaa, basi haikuja na kifaa.

Mwezi uliopita nilienda Ilula na spana. Keria tuliitoa mimi na mjomba kwa dakika arobaini. Upepo wa matairi tulikuta umepungua, tukajaza kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyosema. Matairi yatasubiri hela. Nimemnunulia daftari, na ameshaandika safari nne. Zikifika kumi nitakuletea namba hapa, hata kama zitaniumbua.