Barua ya wakili ikifika Soko Mugdi

Barua za mawakili za kudai deni hufanana: jina la mteja wao, kiasi, siku 7, kisha kitisho cha mahakama. Anayeipokea katika Soko Mugdi, mjini Garissa, aghalabu hunyamaza au huomba radhi. Kuomba radhi ndiko kubaya zaidi, maana kunaweza kuwa kukiri deni.

Kwa Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, deni la mkataba hudaiwa mahakamani ndani ya miaka 6. Lakini mdaiwa akilikiri kwa maandishi yenye saini, au akalipa sehemu yake, miaka hiyo huanza kuhesabiwa upya. Shilingi 1,000 za kumtuliza wakili, zilizotumwa kwa M-Pesa, zinatosha. Sheikh wako atakwambia deni halizeeki mbele ya Mungu, na ni kweli. Ila wakili hakuandika kwa niaba ya Mungu.

Basi jibu likiri kupokea barua tu: "Nimepata barua yenu. Sikiri kiasi mnachodai. Nileteeni mkataba na taarifa ya malipo yote."

Taarifa hiyo ndiyo yenye siri, hasa kwa walionunua kwa murabaha, biashara ambayo benki za Kiislamu zimeifanya Kenya tangu 2008. Benki hununua bidhaa, humuuzia mteja kwa bei waliyokubaliana, na bei hiyo haipandi. Tuseme mwenye duka Soko Mugdi alichukua mzigo wa 500,000 kwa bei ya murabaha ya 590,000, akalipa 350,000. Zimebaki 240,000. Barua ikidai 331,000, zile 91,000 zimetoka wapi? Kama ni riba, murabaha haina riba. Kama ni adhabu ya kuchelewa, viwango vya AAOIFI, shirika la viwango vya benki za Kiislamu, vinataka iende sadaka, si kwenye mapato ya benki. Kuuliza hivyo katika aya moja, bila kukiri salio, humsumbua wakili kuliko kurasa tatu za kulalamikia ukame.

Ombi la kulipa kidogo kidogo liwe na barua yake, juu yake pameandikwa "bila kuathiri haki", ili isihesabiwe kukiri deni.

Mambo yakifika mahakamani, kwa Kadhi si pa kukimbilia: Kifungu cha 170 cha Katiba kimempa mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Madai yasiyozidi milioni 1 yanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo. Wazee wa maslaha wanaweza kuketi, maana Kifungu cha 159 kinautambua usuluhishi wa jadi, lakini mdaiwa asome karatasi yao kabla ya kutia saini. Saini hiyo nayo inaweza kuwa kukiri deni.