Faili Halifunguki, au Hukuruhusiwa Kulifungua?

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi hiyo ilisifiwa, na ilistahili. Hata hivyo menyu ni sehemu nyepesi ya lugha ya kompyuta, kwani nyingi ni nomino na vitenzi vya kuamrisha. Lugha hupimwa pale jambo linapoharibika, na hapo terminali ya Linux iliendelea kumjibu mtumiaji kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Uhakiki huu unazihusu sentensi hizo fupi za makosa, ambazo mwanafunzi huzisoma huku insha yake ikiwa hatarini.

Tuanze na "Permission denied". Ni nani aliyekataa? Amemkataza nani, kufanya nini? Sentensi haisemi. Kiswahili hakiruhusu uvivu huo, kwa sababu kitenzi chetu hudai kiambishi cha nafsi. Mwalimu akisema "faili halifunguki", kauli ya kutendeka inaelekeza lawama kwenye faili lenyewe: huenda limeharibika. Akisema "huruhusiwi kulifungua", faili ni zima, tatizo ni ruhusa. Hizo ni hitilafu mbili zenye tiba mbili. Katika hali ya pili, amri ya ls -l humwonyesha mwanafunzi mwenye faili ni nani. Washauri wengi wa zamani walikimbilia sudo kwa kila jambo, na ushauri huo naukosoa bila kusita: mafaili mapya yanayoundwa hivyo huwa mali ya mtumiaji mkuu, na kesho yake mwanafunzi hawezi kuihariri kazi aliyoiandika mwenyewe.

Ujumbe wa pili ni ule unaosema hakuna faili wala folda ya jina hilo, ilhali mtu analiona faili kwa macho yake. Huu hausemi uongo, ila unaficha sababu. Kwa Linux, Insha.odt na insha.odt ni majina mawili tofauti. Tena, faili likiitwa Insha ya Kwanza.odt, terminali hudhani umetaja mafaili matatu na kulalamika mara tatu. Dawa ni kulizungushia jina alama za kunukuu. Ujumbe mzuri ungesema: "Sikuona faili liitwalo Insha", ukimrudishia mtumiaji lile neno moja mashine ililolisoma.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa flashi. Kuiunganisha na mfumo ni mount, na kuiondoa ni umount, amri iliyoandikwa bila n ya kwanza, na wanaoanza huikosea kila siku. Kiswahili kina kauli ya kutendua: kupachika na kupachua, sawa na kufunga na kufungua. Mwanafunzi wetu Mnyarwanda asemaye gukinga na gukingura hahitaji kufafanuliwa. (Wala jina Ubuntu halimsumbui; kwake "ku buntu" ni bure, na mfumo wenyewe ni wa bure.)

Sasa flashi inakataa kupachuliwa, na matoleo ya zamani ya umount yalijibu "device is busy". Nimeona tafsiri isemayo "kifaa kina shughuli". Neno kwa neno ni sahihi, lakini shughuli ni za watu, na msomaji anabaki akisubiri flashi imalize kazi zake. Sema "flashi bado inatumika", naye atauliza mara moja: inatumiwa na nani? Swali hilo ndilo tiba. Pengine waraka ulioko humo haujafungwa, au terminali yenyewe imesimama ndani ya folda ya flashi, na kuandika cd tu kunaitoa. Anayeichomoa kwa nguvu anaweza kupoteza kurasa zilizokuwa bado kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hazijaandikwa kwenye flashi.

Limebaki neno root, ambalo baadhi hulitafsiri "mzizi" popote walionapo. Kwa chanzo cha mti wa folda, mzizi unafaa kabisa. Kwa yule mwenye mamlaka yote, hapana. Huyo ni mtumiaji mkuu. Kiingereza kimewapa wote wawili jina moja, na wanafunzi wangu huwachanganya hadi muhula wa pili.