Geuza Deraa Uitazame kwa Ndani

Kwenye jukwaa la mashindano ya mavazi, kila deraa hung'aa. Taa zinamulika, kamera zinapiga, mvaaji anasimama dakika chache, anageuka, anashuka. Kwa muda huo hata kadibodi iliyopakwa rangi ya fedha humfanya mtu aonekane askari wa sayari ya mbali. Ubora wa kazi hujulikana saa ya tatu, jukwaa likiwa tupu: nani bado anatembea kwa raha, nani ameketi anakunywa maji, na nani anavuliwa haraka haraka huku makwapa yamechubuka.

Ndiyo maana mjuzi wa deraa za kujitengenezea haanzi na rangi. Huomba kipande kimoja, bamba la paja au la mkono, akakigeuza na kukitazama kwa ndani. Huko hakuna kamera inayofika, na huko ndiko fundi alikomfikiria mvaaji au alikomsahau.

Vazi la kamera na vazi la mtu

Mfano unaojulikana kuliko yote ni deraa nyeupe ya askari wa Star Wars, filamu iliyotoka mwaka 1977. Msimamizi wa mavazi alikuwa John Mollo, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na mchongaji Brian Muir ndiye aliyefinyanga umbo la mabamba ya mwili. Karatasi za plastiki nyeupe aina ya ABS zilipashwa moto hadi zikalegea, zikalazwa juu ya kalibu, hewa ikafyonzwa kutoka chini ili plastiki ishike umbo. Ni njia ya haraka na ya bei nafuu, na wengi wanaotengeneza deraa hiyo nyumbani bado wanaitumia au hununua mabamba yaliyotengenezwa hivyo.

Lakini deraa ile ilitengenezwa kwa ajili ya kamera. Kazi yake ilikuwa kupendeza kwa sekunde kadhaa za picha, kisha mvaaji apumzike. Katika filamu yenyewe yuko askari mmoja anayegonga kichwa juu ya mlango kwa kuwa hakuuona vizuri, na picha hiyo ikabaki. Anthony Daniels, aliyevaa umbo la roboti wa dhahabu C-3PO, alijeruhiwa mguuni na kipande cha vazi lake siku ya kwanza ya kazi huko Tunisia mwaka 1976, na kwa kuwa hakuweza kuketi, alipumzika kwa kuegemea ubao. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza, ilipoamua kesi ya helmeti za askari hao, ilikataa kuzihesabu kuwa sanamu. Ilisema ni vifaa vilivyokuwa na kazi yake katika kutengeneza filamu.

Anayenakili vazi kama hilo bila kubadili chochote hunakili pia mateso yake. Hata Hollywood ilijifunza polepole: Batman wa mwaka 1989, Michael Keaton, hakuweza kugeuza shingo kwa kuwa kofia na mabega vilikuwa kitu kimoja, ikambidi ageuke mwili mzima. Ni katika The Dark Knight ya mwaka 2008 ndipo mbunifu Lindy Hemming alipotenganisha kofia na shingo, na mhusika akaweza kutazama upande bila kugeuza kiwiliwili. Kwa macho ya mtazamaji tofauti ilikuwa ndogo. Kwa mvaaji ilikuwa kubwa mno.

Kingo

Jaribio la kwanza hufanywa kwa kidole. Kipitishwe taratibu kwenye kila ukingo unaogusa mwili: kwapa, upande wa ndani wa kiwiko, kifundo cha mkono, kinena, nyuma ya goti, na pale bamba la muundi linapokutana na kiatu. Bamba la ABS lina unene wa milimita mbili hivi, na likikatwa kwa mkasi huacha makali yanayoweza kuchana soksi. Fundi makini huyasugua kwa msasa wa chembe kubwa, kisha laini, mpaka kidole kisihisi kitu. Penye msuguano mkubwa huongeza utepe wa mpira au sponji nyembamba.

Nyuma ya goti ndipo penye ushahidi mwingi. Mabamba ya filamu yana ukingo uliokunjwa kwa ndani ili plastiki nyembamba ionekane nene. Mahali ambapo mwili haukunjwi, kama mbele ya paja, ukingo huo uachwe, kwa kuwa unapendezesha na kuimarisha. Nyuma ya goti na kwenye kifundo cha mkono uondolewe, kwa sababu kila hatua unabana nyama. Deraa iliyoachiwa mkunjo wote hadi nyuma ya goti ilitengenezwa na mtu ambaye hajaitembelea. Iliyokatwa kwa upinde mpana kidogo, ukajificha kwenye kivuli cha nguo nyeusi ya ndani, imetoka kwa mtu aliyepanda nayo ngazi.

Plastiki isiyokaa sawa haihitaji kukatwa kila mara. ABS hulegea ikikaribia nyuzi joto 100, kwa hiyo ukingo uliochovywa katika maji yanayokaribia kuchemka unaweza kukunjwa kwa glavu nene ufuate umbo la mguu. Paja linalokaa kwa umbo la mvaaji, badala ya kumzunguka kama bomba, ni dalili kwamba kazi haikufanywa kwa haraka.

Uzito unakaa wapi

Watoto wa shule ya Jumapili wanamjua Daudi aliyevikwa mavazi ya vita ya Sauli, akajaribu kwenda, akayavua. Vazi halikuwa baya, ila halikuwa lake. Suala hilo ndilo linaloamuliwa na mikanda.

Kanuni ni moja: uzito ukae mabegani na kiunoni, mwendo uachiwe viungo. Bamba la kifua na la mgongo huunganishwa juu ya mabega kwa utepe wa nailoni usiovutika. Mapaja huning'inizwa kwenye mkanda wa ndani wa kiuno, wala hayashikiliwi na ubanaji wa nguo. Lastiki hutumika panapohitajika kupumua na kukunjika: mbavuni, kati ya bega na mkono, na kiunoni nyuma. Mwenye kutumia lastiki kila mahali hujikuta mapaja yameshuka hadi magotini baada ya saa moja; mwenye kutumia nailoni kila mahali hawezi hata kuvuta pumzi ndefu.

Mjuzi huangalia pia namna mkanda ulivyoshikizwa. Kazi safi ina vipande vidogo vya mraba vya utepe wa nailoni, kila kimoja kimepigwa kifungo cha kubana katikati, kisha kimegandishwa ndani ya bamba. Mvaaji akijikwaa, kifungo hufunguka chenyewe na plastiki inabaki nzima. Mkanda ukichakaa, unachomolewa na kuwekwa mwingine. Kazi mbovu ina mkanda uliogandishwa moja kwa moja kwenye plastiki; ukikatika, deraa imekwisha kwa siku hiyo.

Gundi nayo husema. Zile zinazokauka kwa sekunde chache huwa ngumu na hupasuka bamba linapojikunja. Gundi za kunyumbuka kama E6000 huhitaji siku moja hadi tatu kushika sawasawa, lakini hufuata mwendo wa plastiki, na zikivutwa kwa uangalifu huachia bila kuharibu bamba. Hilo lina thamani kubwa, kwa kuwa mwili wa mtu hubadilika na deraa nzuri hurekebishwa mara nyingi.

Helmeti: macho kwanza

Helmeti nyingi za nyumbani hupendeza mezani na kumpofusha mvaaji. Mtihani wake ni mwepesi. Mvaaji asimame, aambiwe ashuke ngazi tatu, kisha aokote kitu kilicho karibu na miguu yake. Karibu kila helmeti ina eneo la upofu chini ya kidevu, na hapo ndipo watoto husimama. Fundi mzuri hulipunguza kwa kusogeza macho karibu na vioo: huweka ndani vipande vya sponji au mshipi wa kofia ya mjenzi, ili kichwa kisiogelee.

Kwa vioo vya kijani, wengi hukata plastiki ya ngao ya uso ya mafundi wa kuchomelea. Namba ya giza ndiyo ya kuuliza: namba 3 hupitisha mwanga zaidi kuliko namba 5, na tofauti hiyo huonekana ukumbi ukiwa na taa hafifu.

Ukungu wa pumzi huondolewa kwa hewa inayotembea. Feni mbili ndogo za volti 5 zinatosha, mradi upepo upite juu ya vioo na hewa yenye unyevu ipate tundu la kutokea. Swichi iwe mahali ambapo mkono wenye glavu unafika. Baadhi ya pawabenki hujizima zenyewe zikiona umeme unaovutwa ni mdogo mno, na feni mbili huvuta umeme mdogo sana. Kwa hiyo fundi aliyefanya kazi yake ameziwasha kwa saa nzima kabla hajafunga kifuniko.

Joto

Hapa hakuna nafasi ya urembo. Mwili hujipoza kwa jasho linalogeuka mvuke, na plastiki huuzuia mvuke huo. Katika unyevunyevu wa Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar, jasho hubaki majimaji na joto la mwili huendelea kupanda. Likifikia nyuzi 40, hali hiyo ni dharura ya hospitali.

Deraa iliyofikiriwa kwa hali ya hewa ya kwetu ina nguo ya ndani nyembamba inayofyonza jasho, wala si pamba nzito. Ina matundu yaliyofichwa kwenye kivuli, kama chini ya makwapa na nyuma ya mkanda. Ina mashavu ya kiuno yanayofunguka ili hewa iingie wakati wa mapumziko. Wengine huongeza fulana yenye mifuko ya barafu. Hufanya kazi, ila barafu ikiyeyuka fulana hugeuka mzigo, hivyo iwe rahisi kutoa. Helmeti itoke kwa mikono miwili ya mvaaji mwenyewe, bila msaada, ndani ya sekunde chache. Isiyotoka hivyo, hata ikiwa nzuri namna gani, imeshindwa.

Joto huharibu vazi pia. Vipande vilivyochapwa kwa plastiki ya PLA hulegea karibu na nyuzi 60, na gari lililofungwa juani linaweza kufikisha kiwango hicho kwenye dashibodi. Kwa anayesafiri na deraa kwenda tamasha kama NAICCON jijini Nairobi, ABS ni salama zaidi. Sponji ya EVA, ileile ya mikeka ya kuchezea watoto, ni nyepesi na haivunjiki, mradi isiachwe ikabanwa chini ya mizigo.

Kuketi, kunywa, kwenda haja

Mambo haya matatu hutenganisha fundi na mpambaji. Kuketi hutegemea kinena na nyuma ya mapaja; bamba la makalio likishikizwa kwa vifungo vya kubana, huachia mvaaji anapoketi na kurudishwa anapoinuka. Kunywa huhitaji mrija unaopita chini ya ukingo wa helmeti. Kwenda haja huhitaji mpangilio ambao mvaaji anaweza kuufungua peke yake chooni. Fundi aulizwe bila haya. Asipokuwa na jibu, hajawahi kukaa na deraa yake kutwa.

Wapo waliothibitisha kwamba inawezekana. Mwaka 2011 Jacob French aliondoka Perth kwa miguu akiwa ndani ya deraa nyeupe ya askari wa Star Wars, akafika Sydney mwaka 2012 baada ya takriban kilomita 5,000, akichangisha fedha kwa ajili ya watoto wagonjwa. Naye Scott Loxley, Mwaustralia mwingine aliyetembea na deraa kwa kusudi kama hilo, alieleza mwaka 2015 kwamba nyoka alimuuma muundini na meno yakagota kwenye plastiki.

501st Legion, chama cha mashabiki kilichoanzishwa Marekani mwaka 1997 na Albin Johnson pamoja na Tom Crews, nacho hutumia deraa hizi katika kazi za hisani. Kina viwango vilivyoandikwa vya kila vazi, na viwango hivyo hushughulika na kinachoonekana. Ndani ya bamba, fundi ana uhuru wake wote, na hakuna sababu ya kuuacha bure.

Hukumu

Katika kupima deraa ya nyumbani, alama zigawanywe hivi: umbo na rangi zipewe nusu, na nusu nyingine iende kwa kingo, mikanda, macho, hewa na uwezo wa kuvua. Deraa inayofanana na ya filamu kwa kila mkunjo lakini haikaliki ni kazi nusu. Iliyopungukiwa kidogo kwa sura, ikamwezesha mvaaji kushinda nayo salama, ndiyo inayostahili zawadi.

Kwa anayetengeneza sasa: kabla ya kupaka rangi ya mwisho, vaa vazi lote nyumbani kwa saa mbili, na mtu mwingine awepo. Panda ngazi, keti, kunywa maji, okota funguo sakafuni. Kila panapouma, weka alama kwa kalamu upande wa ndani, kisha rudi mezani ukapafanyie kazi. Na kwa waamuzi wa mashindano: ombeni kuona ndani ya bamba kabla ya kutoa alama.